Springi: Habari za Gari la Waya na Barabara za Ugogo

Ndugu msomaji, najua wapo watakaoguna wakiona kichwa cha makala hii. Watasema, tangu lini vigari vya watoto vikawa historia? Historia tuliyosomeshwa sekondari ilikuwa na Mkutano wa Berlin, Vita vya Majimaji, Azimio la Arusha, na mtihani mwishoni. Springi ya gari haikuwamo. Lakini mimi nakaa Nzuguni, mashariki ya mji wa Dodoma, kando ya barabara iendayo Morogoro na Dar es Salaam, na kila siku napishana na malori. Nimeyatazama tangu nikiwa mdogo, na nimefikia kuamini kwamba anayetaka kujua habari za nchi hii ya kati hana budi kuuliza swali moja la kifundi: mzigo huu umebebwa na nini, na kwa nini haukumwagika njiani?

Kwa sehemu kubwa ya karne iliyopita jibu lilikuwa springi. Nazungumzia vile vyuma vyembamba vilivyopindwa kama upinde, vikapangwa kimoja juu ya kingine, kirefu kikafuatiwa na kifupi, vikafungwa katikati kwa bolti na kushika ekseli. Chungulia chini ya lori lolote linalopumzika pale karibu na stendi kuu, utaviona. Na ukitembea nyuma ya nyumba zetu utaviona tena, safari hii vidogo kama kiganja, chini ya gari la waya la mtoto wa darasa la nne. Nataka kusimulia jinsi vitu hivi viwili vilivyokutana.

Magurudumu yalivyoshindwa mara ya kwanza

Kabla ya springi palikuwa na mabega. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji katika karne ya 19 ilikatisha Ugogo, na mzigo ulibebwa na mpagazi, kiasi cha kilo 30 kwa mtu mmoja, siku baada ya siku. Watemi wa Kigogo walitoza hongo, na wasafiri wa Kizungu walilalamika sana katika vitabu vyao kuhusu hongo hiyo. Hawakulalamika bure, ilikuwa nzito kweli. Lakini visima vilikuwa vya Wagogo, maji yalikuwa haba, na msafara wa mamia ya watu ukipita kisimani, mwenye kisima hubaki na tope. Hayo nayo yaandikwe.

Mwaka 1876 mmisionari mmoja, Roger Price wa London Missionary Society, alipata wazo. Kwa nini tusitumie ng'ombe na magari ya kukokota kama kule Afrika ya Kusini? Akatoka pwani, Saadani, na ng'ombe wachache hadi Mpwapwa. Ng'ombe walifika, naye akaamini njia imepatikana. Mwaka 1877 wamisionari wakaja na msafara wenyewe, magari ya mbao na ng'ombe wengi. Mbung'o wakawaua ng'ombe. Magari yakazama kwenye matope na kukwama makorongoni. Mzigo ukarudi mabegani mwa watu, na gurudumu likapoteza mchezo wa kwanza katika nyanda za kati.

Wazee husimulia kwamba jina la Dodoma lenyewe latokana na neno la Kigogo, idodomya, yaani pamezama. Tembo alikuja kunywa maji, ardhi ikammeza. Yawe kweli au hadithi, nadhani hakuna mji mwingine ambao jina lake ni onyo kwa madereva.

Wajerumani walilikwepa swali. Walianza kujenga reli Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Dodoma mwaka 1910 na Kigoma mwaka 1914. Reli ni nini, ukifikiri? Ni kukataa kubishana na ardhi. Unatandaza njia yako mwenyewe ya chuma juu ya ardhi, nyoofu, gurudumu lisijue chini kuna nini. Ni akili kubwa, ila reli haiendi kila kijiji. Ukishuka stesheni bado una maili 40 za kwenda kwenu, na huko hakuna chuma, kuna changarawe, mchanga na korongo. Hapo ndipo lori lilipoingia, na lori haliwezi kukwepa. Lazima libishane na ardhi.

Chuma kinachokumbuka

Sasa tutoke kidogo Ugogo, maana springi haikuzaliwa hapa.

Mwaka 1678 Mwingereza Robert Hooke alichapisha kanuni ambayo kila aliyesoma fizikia sekondari anaikumbuka: springi ukiivuta kwa uzito mara mbili, nayo hurefuka mara mbili, mradi hujaipitisha mpaka wake. Ukiipitisha, hairudi tena. Mwaka 1804 fundi mwingine wa huko, Obadiah Elliott, akapewa hataza ya kuweka springi za mapande chini ya magari ya farasi. Kabla yake magari mengi mazito yalikuwa na mti mkubwa chini kama uti wa mgongo. Baada yake gari likawa jepesi, na abiria akaacha kutikiswa kama karanga ndani ya debe. Malori ya kwanza ya mota yalirithi springi hizo hizo, na malori mengi ya mizigo mizito bado yanazo.

Kwa nini mapande mengi membamba, kisiwe chuma kimoja kinene? Hapa nakuomba msomaji unifuate polepole, kwa sababu ndiyo siri ya makala nzima. Ugumu wa ukanda wa chuma hauongezeki sawasawa na unene wake. Ukiuzidisha unene mara mbili, ugumu huongezeka mara nane. Lakini ukichukua kanda mbili nyembamba na kuzilaza pamoja bila kuzigandisha, zikiweza kuteleza moja juu ya nyingine, ugumu huwa mara mbili tu. Kwa hiyo fundi akitaka chuma chenye nguvu ya kubeba na bado kinachokubali kuinama, hupanga vyembamba vingi. Kila kimoja hubeba sehemu yake, na vinapoteleza vinasuguana. Msuguano huo una kazi: unakula ile nguvu ya kurukaruka, gari likishatikisika litulie. Springi ya kuzunguka, ile ya mfano wa nyoka aliyejiviringa, haina msuguano huo. Inahitaji shokomzoba pembeni yake, la sivyo gari hudunda kama mpira.

Na adui wa springi ya mapande ni nini? Kutu na udongo. Vikiingia katikati vinayagandisha mapande, yakawa kama chuma kimoja kinene. Hapo lori linakuwa gumu kama kitanda cha mawe, na pande la juu hukatika. Fundi asiyejua hubadilisha pande. Fundi anayejua hufungua, husafisha, ndipo hubadilisha.

Kongwa

Kama kuna mahali katika nchi yetu ambapo mashine ilishtakiwa na ardhi ikashinda kesi, ni Kongwa, mashariki ya hapa tulipo. Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula. Serikali yake ikaja na mpango wa karanga, ulioanza Kongwa mwaka 1947. Walikusudia kulima zaidi ya ekari milioni 3 Afrika Mashariki na Kati. Matrekta mengi waliyoleta yalikuwa mabaki ya vita, yamekwisha kuchoka kabla hayajashuka melini. Walifika hata kugeuza vifaru vya Sherman kuwa matrekta, wakayaita Shervick.

Mibuyu ikakataa kung'oka. Nyuki waliokaa ndani ya mibuyu wakatoka na kuwauma wafanyakazi. Mvua iliponyesha udongo ukawa tope, na kiangazi kilipokuja udongo ule ule wa mfinyanzi ukawa mgumu kama saruji, karanga zikashindwa hata kuchimbuliwa. Mwaka 1951 mpango ukavunjwa, baada ya kula kiasi cha pauni milioni 36.

Watu wengi huusimulia mkasa huu kama kichekesho cha Wazungu. Mimi naona kuna jambo zaidi. Kifaru kilibuniwa kwa ajili ya uwanja wa vita wa Ulaya, na kilikuwa kizuri katika kazi yake. Kosa halikuwa la chuma. Kosa lilikuwa kufikiri kwamba chuma kikishakuwa na nguvu, hakina haja ya kuuliza kinakwenda kukanyaga wapi. Watu wa Kongwa waliokuwa wakilima mtama na uwele pale kwa vizazi walilijua jibu, lakini nani aliwauliza?

Njia ya jehanamu

Miaka 14 baadaye springi ziliingia katika siasa za dunia. Tarehe 11 Novemba 1965 Ian Smith na wenzake wakajitangazia uhuru wa walowezi kule Rhodesia. Zambia, ambayo mafuta yake yalikuwa yakipitia huko, ikajikuta imebanwa. Mapipa ya mafuta yakaanza kusafirishwa kwa malori kutoka Dar es Salaam kupitia Morogoro, Iringa, Mbeya na Tunduma, karibu kilomita 2,000 hadi Lusaka, sehemu kubwa ikiwa barabara ya udongo. Madereva wakaipa jina la njia ya jehanamu. Malori yalipinduka, yaliteleza kwenye milima, springi zilikatika na watu walikufa. Bomba la mafuta la TAZAMA lilipofunguliwa mwaka 1968, na reli ya TAZARA ilipokabidhiwa mwaka 1976, mzigo ule ulipungua barabarani. Vitabu vinawataja Kaunda na Nyerere, na wanastahili. Lakini kwa miaka ile mitatu ya mwanzo uhuru wa Zambia ulilala pia juu ya mapande ya chuma yaliyofungwa kwa bolti, na chini yake alilala utingo mmoja mwenye spana, mgongo kwenye vumbi.

Babu yangu mzaa mama alikuwa utingo, si wa njia ile, bali wa malori ya Dodoma na Kondoa, miaka ya sabini. Alikuwa akitueleza kwamba springi ikikatika porini hukai kulia. Unapiga jeki, unakata kipande cha mti mgumu, unakipachika kati ya ekseli na chesisi, unakifunga kwa kamba au mpira wa tyubu, halafu dereva anatambaa polepole mpaka gereji. Alikuwa na usemi wake: springi haiuawi na mzigo, inauawa na haraka. Na ni kweli kifizikia. Mzigo uliotulia springi huujua, imepimiwa. Gurudumu likigonga shimo kwa mwendo mkali, kwa sekunde moja chuma hubeba mara kadhaa ya uzito ule.

Rimoti ya kwanza ilikuwa fimbo

Watoto wa barabarani huiga wanachokiona. Ndiyo maana karibu kote Afrika, palipopita malori palizaliwa magari ya waya. Hapa kwetu bodi ni kopo la mafuta ya kula au la dawa ya mbu. Matairi hukatwa kwenye kandambili zilizokwisha, au huwa visoda vilivyogongwa. Ekseli ni spoki ya baiskeli. Na usukani, msomaji, usukani ni fimbo ndefu au waya mrefu uliounganishwa na matairi ya mbele, mwisho wake una duara. Mtoto hukimbia nyuma ya gari lake akiwa amesimama wima, akikata kona kwa mikono. Kwa maneno mengine dereva yuko nje ya gari. Hiyo ni rimoti, imekosa tu mawimbi.

Rimoti ya mawimbi ilionyeshwa New York mwaka 1898, pale Nikola Tesla alipoendesha mashua ndogo majini bila waya, watu wakadhani ni uchawi au kuna nyani ndani. Magari ya kuchezea ya kuongozwa kwa redio yakaja baadaye sana, miaka ya sitini. Mwaka 1981 kampuni ya Tamiya ya Shizuoka, Japani, ikatoa kigari cha Toyota Hilux chenye gia 3 na, sikiliza hapa, springi za mapande za chuma, kama Hilux yenyewe. Wajapani walitengeneza kwa mashine kile ambacho watoto wa huku wanakitengeneza kwa koleo.

Watoto wa Nzuguni wanapata wapi chuma cha springi? Hapa ndipo historia ya makao makuu inapoingia. Uamuzi wa kuhamishia serikali Dodoma ulitolewa mwaka 1973, ukalala miaka mingi, ukaamshwa kwa kishindo mwaka 2016. Tangu hapo huku kwetu ni ujenzi mtupu. Soko la Ndugai, stendi kuu ya mabasi, nyumba za watumishi, nyumba za kupangisha watumishi, na nyumba za waliouza mashamba kwa watumishi. Kila nyumba ina mabati, na mabati huja yamefungwa kwa kanda za chuma. Mafundi wakizikata huzitupa. Kwa mtu mzima ni takataka ya kukata miguu. Kwa mtoto ni springi bora kabisa, maana ni chuma kigumu chenye tabia ya kurudi, unene wake kama nusu milimita. Mji mkuu unajengwa, na mabaki yake yanabeba malori ya makopo.

Lori lililotoka Maskati

Sasa nieleze kwa nini nimezama katika mambo haya.

Dada yangu alikwenda Oman, Maskati, kufanya kazi za ndani kwa mkataba wa miaka miwili. Mwanawe, mpwa wangu wa miaka 11, alibaki nasi. Katika mwaka wa kwanza dada akamtumia kwa mkono wa msafiri lori la rimoti, jekundu, urefu kama mkono wangu hadi kiwiko. Siku lilipofika watoto wa mtaa mzima walijaa uani. Lilikwenda wiki tatu. Kisha likaanza kulala upande wa kulia kama mzee mwenye nyonga mbovu, na kila likikata kona linapinduka.

Jirani mmoja akasema, hivi vya Kichina tupa tu, mama yake ataleta kingine. Alisema kwa wema. Ila mimi nilikuwa nimeshasikia simu za WhatsApp za Ijumaa. Dada hakosi kuuliza, "Baba, lori linaendaje?" Na mtoto, huku lori limefungiwa ndani ya boksi chini ya kitanda, hujibu, "Linakwenda vizuri, mama." Wiki baada ya wiki. Lilikuwa limenunuliwa kwa mshahara ambao sote tunajua unavyopatikana. Mtoto hakuwa mwongo, alikuwa anabeba mzigo kwa springi yake ndogo, na niliona unamzidi.

Tukaliweka mezani, betri ikiwa ndani, kwa sababu betri ni sehemu ya uzito. Tukabonyeza kila kona na kuachia. Kona nzima hushuka, hurudi, hutulia. Kona ikishuka bila kurudi, kuna kiungo kimekwama. Ikirudi na kuendelea kudunda, shokomzoba haifanyi kazi. Hii ya kwetu ilikuwa na magonjwa yote mawili: kulia nyuma ilikwama, na zilizobaki zilidunda, maana shokomzoba zake zilikuwa pambo, plastiki tupu bila mafuta ndani.

Hatua ya pili ndiyo watu wengi huiruka. Usikimbilie kununua springi. Ondoa springi zote, halafu inua na ushushe ekseli kwa kidole. Isipocheza kwa uhuru bila springi, springi haina hatia. Mkono wa kulia haukucheza. Mtu alikuwa ameutia grisi kwenye viungo, na vumbi jekundu la Nzuguni lilipokutana na grisi likawa msasa. Tukaosha kwa maji ya sabuni na mswaki wa zamani, tukauacha mkavu. Kwenye vumbi kavu kiungo kidogo cha plastiki ni bora kiwe kikavu kuliko kiwe na mafuta. Tundu la pini lilikuwa limelika na kuwa yai. Tulikata kipande cha mrija wa wino wa kalamu, tukakisukumia tunduni kikawa bushi.

Hatua ya tatu tulisimamisha springi za nyuma bega kwa bega juu ya kioo. Moja ilikuwa fupi kuliko mwenzake kwa unene wa sarafu ya shilingi 100. Ilishapita mpaka wa Hooke, haikuwa inarudi. Ya kufanana nayo haipatikani Dodoma. Nikasema basi tutafute waya tuviringe nyingine. Mpwa wangu akanitazama kwa huruma.

"Mjomba, kwa nini tusiweke za bati?"

Alimaanisha ule ukanda wa mabati. Akatoka, akarudi na rafiki yake mmoja ambaye ni bingwa wa magari ya waya, na kuanzia hapo mimi nikawa utingo. Walinyoosha ukanda, wakaukata kwa mkasi wa bati kwa marefu yake ubaki na upana wa milimita 5 hivi, kwa kuwa ukiacha upana wote lori halitalalia springi. Wakakata pande la sentimita 10, la 7 na la 4 kwa kila upande. Wakazipinda kwa kuzivutia kwenye chupa ya soda, taratibu, bila moto. Moto ungekilegeza chuma, wala si mimi niliyewaambia. Wakafunga katikati kwa waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi.

Nikauliza kwa nini wasiweke pande moja nene. Yule rafiki akajibu, "Litakuwa gumu, halafu litakatika." Hakuwahi kusoma habari za mara nane na mara mbili. Anazijua kwa vidole.

Jambo la mwisho walilofanya lilinifurahisha kuliko yote. Ncha ya mbele ya springi waliifunga kwa pini. Ncha ya nyuma waliining'iniza kwenye kipete cha waya kinachocheza. Springi iliyopinda ikibonyezwa hunyooka, na ikinyooka hurefuka. Ukiifunga ncha zote mbili haina pa kurefukia, inakuwa rula. Chungulia lori lolote la kweli utaona ncha moja ina kipande kidogo kinachobembea. Ni kitu hicho hicho.

Tulishusha betri kutoka juu ya chesisi tukaifunga chini katikati ya ekseli, uzito ukae chini, kupinduka kupungue. Tulipoliweka sakafuni lilizama kama milimita 5 likatulia pale, likiwa limesimama sawa. Nje likapita kwenye kokoto, likashuka ukingo wa korongo, likapanda upande wa pili. Halikudunda kama mwanzo, maana yale mapande matatu yalikuwa yakisuguana yenyewe kwa yenyewe. Ijumaa ile mtoto hakusubiri kuulizwa. Alimwambia mama yake, "Mama, lori lilikuwa limeharibika. Tumelitengeneza." Dada alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Nionyeshe." Akaelekeza simu chini, na kwa muda mrefu hakuna aliyesema neno, ikasikika mota tu.

Springi haifi

Springi ya lori ikikatika kabisa haitupwi. Inakwenda kwa mhunzi. Atailaza kwenye makaa mpaka iwe nyekundu, ataigonga, ataizima kwa mafuta au maji ikakamae, kisha ataipasha tena kidogo isiwe na ukali wa kuvunjika. Panga nyingi, mashoka, visu na patasi katika nchi hii zilikuwa springi. Huenda kisu kilichokata kitunguu chako jana kiliwahi kupita Tunduma.

Nchi yetu ilijaribu pia kutengeneza magari yenyewe. Kibaha palikuwa na kiwanda cha TAMCO kilichounganisha malori ya Scania, na hapo hapo Kibaha, chini ya jeshi letu, wakabuni lori lililoitwa Nyumbu. Ni jina zuri. Nyumbu ni mnyama wa barabara mbovu. Sasa Dodoma tuna lami pande zote nne, na tangu mwaka 2024 tuna treni ya umeme inayofika kutoka Dar es Salaam. Njia ya jehanamu imebaki katika hadithi. Sisikitiki hata kidogo. Anayeitamani barabara ya vumbi hajawahi kulala chini ya lori.

Ninachosikitikia ni kitu kingine. Babu yangu alifariki kabla sijamuuliza aliukata mti gani. Mkwata? Mgunga? Aliupachika kwa mbele au kwa nyuma ya bolti? Alijua nani alimfundisha? Mambo hayo hayamo katika kitabu chochote cha maktaba ya mkoa, na mimi ninayetamani kuandika riwaya siku moja yenye lori ndani yake siwezi kuyabuni, kwa sababu dereva yeyote atakayeisoma atanicheka ukurasa wa kwanza.

Kwa hiyo ndugu wasomaji na waandishi wenzangu vijana, nina ombi. Kila mtaa una mzee aliyewahi kuwa utingo, fundi wa gereji, mhunzi au mshika reli. Kila mtaa pia una mtoto anayejua kupinda ukanda wa mabati. Chukua daftari, nenda kawaulize wote wawili. Mzee umuanzie leo, usisubiri kumuuliza siku ya tanga.